Tukimaliza Chai Tutasali



Jioni moja baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alibaki nyuma akijifanya anapanga viti. Nilimngoja. Kazi ya ukatekista imenifundisha kwamba jambo lenyewe huja baada ya viti kupangwa. Mwishowe akasema, "Katekista, mume wangu hajamkataa Mungu, na mimi sijamkataa. Lakini tangu Pasaka hatujasali pamoja hata siku moja. Kila nikimwambia, ananijibu: tukimaliza chai tutasali."

Nilimwuliza kama kuna ugomvi nyumbani. Akasema hakuna. Mume si mlevi, hampigi, na Jumapili sadaka anatoa. Huamka saa kumi na moja alfajiri kukamua, anapeleka maziwa, anaingia shambani, na jioni anangoja lori la kiwanda kwenye kituo cha kupimia majani. Yeye mama ana watoto, ana kuku, ana chama cha akina mama, na siku za soko anauza mboga. "Tunaishi kama makarani wawili wa kituo kimoja," akaniambia. "Mmoja anapima, mwingine anaandika. Tunaongea habari za kilo tu."

Maneno hayo nimekaa nayo siku nyingi, nami nimeona niyaandike hapa, kwa sababu najua si nyumba moja inayoishi hivyo.

Sisi wa Kericho na Bomet tunajua mwisho wa mwaka ulivyo. Oktoba bonasi ya chai hulipwa, na kabla haijatulia mfukoni tayari ina wenyewe: mkopo, mbolea, karo, bati la jiko. Shule zinafungwa. Desemba vijana wanaingia tumdo, na mzazi mwenye kijana huko hana usingizi. Kuna harusi, kuna koito za kupeleka mahari, kuna ndugu kutoka Nairobi ambao wanataka mursik na mbuzi na hadithi hadi usiku wa manane. Halafu Januari inakuja na karo yake. Katikati ya hayo yote Kanisa linatuwekea Dominika nne za Majilio na kutuambia tumngoje Bwana. Mkulima atasema, nimngoje saa ngapi?

Ndugu msomaji, soma tena Injili ya Mathayo sura ya 24, ile inayosomwa Dominika ya kwanza ya Majilio katika Mwaka A, kama tulivyoisoma mwaka 2025. Bwana wetu anakumbusha siku za Nuhu. Anawataja watu waliokuwa wakila, wakinywa, wakioa na kuolewa mpaka gharika ikawakuta. Miaka mingi nilikuwa nikiifundisha sehemu hiyo kana kwamba anawataja walevi na wazinzi. Siku moja nikaitazama vizuri. Katika maneno hayo hakuna wizi wala uzinzi wala uchawi. Kuna chakula, kinywaji na harusi. Ni mambo tunayoyafanya sisi mwezi wa Desemba, tena mengine tunamwalika Padre ayabariki! Kosa lao hapo ni kwamba walishughulika hata wasitambue lolote. Kisha Bwana anataja watu wawili shambani, mmoja anatwaliwa na mwingine anaachwa. Kazi yao ni ile ile, na shamba ni lile lile. Kama angalisema nasi, nadhani angalitaja wawili wenye vikapu mgongoni katika safu moja ya chai.

Sasa turudi kwa yule mume na jibu lake. Anayelima mahindi kule Trans Nzoia ana siku ya kuvuna, na baada ya kuvuna ana majuma ya kupumzika. Chai haina siku hiyo. Unachuma majani mawili na chipukizi, unamaliza shamba, na ukifika mwisho wa safu ya mwisho, safu ya kwanza imeshachipua tena. Mvua ikiwa nzuri unarudi baada ya siku saba hivi. Jua likikaza, labda siku kumi na nne. Mmea huu haukauki majani mwaka mzima. Wazee wetu waliuona ukipandwa na makampuni ya Waingereza katika miaka ya 1920 hapa Kericho, nasi wajukuu tunauchuma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema "nimemaliza chai". Basi anayesema atasali akimaliza chai, bila kujua, anasema hatasali.

Na mkulima huyo huyo anajua jambo lingine. Akiruka zamu moja ya kuchuma, jani halimngoji. Linakomaa, linakuwa gumu, na akilipeleka kituoni karani analishika, analikunja, halivunjiki vizuri, analimwaga kando. Sala ya mume na mke nayo ina zamu yake. Mkiiacha juma moja, kuianza tena si kazi kubwa. Mkiiacha tangu Pasaka hadi Oktoba, siku mnayotaka kuianza mnaoneana haya kama wageni. Nani aanze? Tuimbe? Watoto watacheka. Kumbe mioyo imeshakomaa.

Naandika haya si kama mtu aliyesimama ng'ambo ya mto akiwaelekeza wanaovuka. Mwaka 2016, tukiwa na miaka kumi na mitano ya ndoa, nilikuwa katekista wa kigango, na wengi waliniona mtu wa mfano. Oktoba ya mwaka huo tulipata bonasi. Nilimwambia mke wangu kwamba fedha yote iko benki inangoja karo ya mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa amefanya mtihani wa darasa la nane. Haikuwa kweli. Shilingi elfu arobaini nilikuwa nimempa ndugu yangu mmoja aongezee ya kununulia pikipiki, naye aliahidi kurudisha kabla ya Desemba. Sikumwambia mke wangu kwa sababu nilijua angekataa. Tena nilijiambia kwamba chai ni yangu, namba ya mkulima ina jina langu. Wanaume wenzangu mnaosoma hapa, mnalijua wazo hilo linavyokuja.

Majilio yalianza tarehe 27 Novemba. Padre hakuwa na zamu ya kuja kigangoni kwetu Dominika hiyo, hivyo niliongoza ibada mimi. Nilikuwa nimetengeneza taji la Majilio kwa matawi ya chai iliyopogolewa, kwani kwetu yanapatikana bure na hukaa na ubichi wake siku kadhaa. Mishumaa yote ilikuwa meupe ya dukani. Niliifunga utepe wa zambarau mitatu na wa waridi mmoja. Nikawasha wa kwanza, nikafundisha juu ya kukesha. Waamini walinishukuru. Mke wangu alikuwa benchi la tatu akinisikiliza kwa furaha, na mimi nilikuwa nikimwangalia mtu wa benchi la nne.

Alhamisi ya juma hilo matokeo ya mtihani yakatangazwa. Mtoto alikuwa amefanya vizuri. Mama akaanza kuhesabu sanduku, godoro, sare, viatu, akasema, "Jumatatu tuende benki pamoja." Hapo sikuwa na mahali pa kujificha. Nilimwambia. Hakupiga kelele. Aliinuka akaenda jikoni, na kuanzia saa ile hakuzungumza nami ila mbele ya watoto.

Ijumaa usiku nilikuwa mezani nikitayarisha mafundisho ya Dominika ya pili, ambayo ni ya Yohane Mbatizaji na toba. Nyuma ya ukuta niliwasikia wakisali jikoni, yeye na watoto. Walifika katika Baba Yetu. Walipofika pale pa kusamehe, sauti ya mama ilinyamaza. Watoto waliendelea peke yao mpaka mwisho. Nimesikia mahubiri mengi, hata ya maaskofu, lakini sijasikia lililonichoma kama ile sauti iliyonyamaza. Mke wangu hakutaka kumdanganya Mungu. Mimi nilikuwa mezani nikiandika habari za toba.

Ningependa kuwaambia kwamba niliingia jikoni nikapiga magoti. Sikuingia. Nilimaliza kuandika, nikalala. Jumapili nikasimama nikamfundisha kila mtu juu ya Yohane, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Ni jioni ya Jumapili hiyo, watoto wakiwa wamelala, nilipokwenda jikoni nikamwambia, "Nimekukosea. Si fedha tu, nimekudanganya." Aliendelea kusugua sufuria. Baadaye akasema neno moja tu: "Leta karatasi."

Nilileta karatasi ya malipo ya bonasi, na ile ya benki, na deni la mbolea, na kila kitu. Tukaketi kwenye vigoda vya jikoni, tukahesabu mpaka shilingi ya mwisho. Tuliona kwamba tungeweza kulipa muhula wa kwanza tukiuza ndama mmoja. Tulipomaliza, yeye ndiye aliyeanza Baba Yetu. Tuliisali polepole, na safari hii aliifikisha mwisho. Juma lililofuata nilikwenda parokiani kwa Sakramenti ya Kitubio. Lakini msidhani yaliisha hapo. Ndugu yangu alirudisha nusu tu ya fedha, na mama alichukua muda mrefu, hata baada ya Pasaka, kabla hajaacha kuniuliza maswali mawili mawili kila nilipotoka sokoni. Alikuwa na haki.

Tangu mwaka ule, nikisikia wanandoa wanasema wamekosa nafasi ya kusali, mimi huuliza kwanza kuna nini wasichotaka kuambiana. Mara nyingi nafasi ipo. Lililokosekana ni uhodari wa kuketi mahali pamoja mbele ya Mungu ukiwa na siri mfukoni. Kazi nyingi ni maficho mazuri sana. Mtu anaweza kujificha ndani ya shamba la chai miaka ishirini, na watu wamsifu kwa bidii.

Haya, na wale ambao kwa kweli wamechoka tu, wafanye nini? Msianze na mambo makubwa. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisema dakika chache zaweza kupatikana kila siku kwa familia kukutana mbele ya Mungu, kumweleza yanayowasumbua na kushukuru. Dakika chache! Lori la kiwanda tunalingoja saa mbili na hatulalamiki kwamba tumekosa nafasi. Chagueni saa inayofuata kazi yenu wenyewe, si ile mnayoisoma vitabuni. Sisi kwetu ni baada ya majani kupimwa na kabla ya taarifa ya habari, kwa maana televisheni ikishawashwa hata Malaika Gabrieli angepata shida ya kusikilizwa. Siku hizi simu ni mbaya kuliko televisheni. Ziwekwe kabatini, na ya baba iwe ya kwanza.

Wanaofanya zamu ya usiku kiwandani wakati wa majani mengi wana shida ya pekee. Wanandoa wengine wanaoishi kambini, katika nyumba za makampuni, wana chumba kimoja na majirani nyuma ya ukuta, nao wanaona haya kusikika. Kwa hao nasema, salini kwa sauti ya chini mkiwa mmeshikana mikono kabla anayeondoka hajaondoka. Ishara ya msalaba, Baba Yetu moja, na jina la mtoto anayesumbua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia kanisa la nyumbani, na kanisa halipimwi kwa ukubwa wa jengo. Kanisa Kuu letu la Moyo Mtakatifu pale Kericho, lililotabarukiwa mwaka 2015, ni zuri hata wageni wa mbali huja kulitazama. Lakini hakuna anayelala humo. Tunarudi kulala katika haya mengine.

Tena kuna nyumba zilizochanganyika, na Bomet ni nyingi. Mke ni Mkatoliki, mume ni wa Africa Gospel Church, au kinyume chake. Wengi wa ndugu zetu hao hawakulelewa katika desturi ya Majilio, na ukiwawekea mishumaa minne mezani wataona umeanza mabishano. Usianze na mshumaa. Kijana mmoja aliniuliza hapa kama ni dhambi kuacha taji la Majilio kwa ajili ya amani na mkewe. Hapana, si dhambi. Taji ni ukumbusho tu. Someni pamoja Isaya, someni sura mbili za mwanzo za Luka, Biblia ni yenu wote wawili. Mke akiona kwamba Majilio yamemfanya mumewe arudi nyumbani mapema na kusema ukweli juu ya fedha, huenda yeye mwenyewe atauliza mishumaa inauzwa duka gani.

Dominika ya nne ya Mwaka A tunasoma habari za Yosefu. Yeye pia alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa na jambo zito kuhusu Maria, akalichukua peke yake, akalifikiri peke yake, akaamua peke yake kumwacha kimya kimya. Mathayo anatuambia alikuwa mtu mwenye haki, hivyo hakuamua kwa ubaya. Hata hivyo uamuzi wake ulikuwa wa upande mmoja, na Mungu ilibidi amwendee usingizini ili kumzuia. Alipoamka alimchukua mkewe nyumbani kwake. Huwa nawaambia wanaume wa jumuiya yetu kwamba si kila mmoja wetu atatumiwa malaika. Wengine tumetumiwa mke, naye yuko macho, tena anajua hesabu.

Na baada ya Noeli? Hapo ndipo wengi huanguka. Mishumaa imekwisha, wageni wameondoka, Januari jua linachoma, majani yanapungua, karo inadaiwa. Taji la matawi ya chai huishia jikoni likiwasha moto, na si vibaya, ni kuni. Lakini saa ile mliyoizoea Desemba iacheni ibaki saa ile ile. Msitafute nyingine. Jimbo letu la Kericho lenyewe lilianzishwa wakati wa Majilio, Desemba 1995, likitolewa katika Jimbo la Nakuru. Mimi nilikuwa kijana wa shule, nakumbuka wazee wakiuliza tutaweza vipi kujitegemea. Tuliendelea Dominika baada ya Dominika, mvua na mvua ya mawe, vigango vikaongezeka. Nyumba nayo huendelea hivyo. Mkikosa siku moja, msiitishe mkutano wa kulaumiana. Salini kesho yake.

Yule mama nilimwomba ruhusa nikaenda kuwatembelea. Nilimkuta mume shambani, nikachukua kikapu tukachuma pamoja, kwa sababu mkulima haongei vizuri akiwa amekaa. Tulipofika nusu ya safu akaniambia bila mimi kumwuliza kwamba bonasi ilikuwa ndogo, kwamba ana deni ambalo mkewe halijui, na kwamba akiketi kusali anaona litamtoka mdomoni. Nikamsimulia habari ya pikipiki. Alicheka mpaka akashika kichaka.

Jumapili iliyopita nilikutana naye nje ya kanisa. Alisema juma lile walikosa siku tatu, kwani lori lilikuwa linafika saa tatu usiku. Siku ya nne alipofika nyumbani, mama na watoto walikuwa wameshaanza bila yeye. Aliingia na matope yake, akavua kofia, akasimama karibu na mlango. Mama akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi.